Kuanzisha Shirika la Ndege Mchezoni Ukiwa Kisumu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huja kila mara mtu wa Kisumu, Kakamega, Busia au Nakuru anapofungua akaunti yake ya kwanza, akajikuta na mtaji, ramani ya dunia, na hajui abonyeze wapi. Mifano mingi hapa ni ya viwanja vyetu. Si kwa uzalendo tu: unapojua abiria wa Kisumu anataka kufika Nairobi saa ngapi na kwa nini, nusu ya kazi umeshaimaliza.

Huu ni mchezo wa kurusha ndege?

Hapana. Hutashika usukani hata siku moja. Wewe ndiwe mwenye shirika: unachagua uwanja wa kuwa makao yako, unakodi au kununua ndege, unapanga ruti na bei za tiketi, unalipa marubani na mafuta, kisha unaangalia kama kuna kitu kimebaki. Anayetaka kutua na kupaa mwenyewe atafute michezo ya urubani.

Michezo ni mingi. Nianze na upi?

Mitatu ndiyo huulizwa sana, na inatofautiana zaidi ya inavyoonekana.

AirlineSim huchezwa kwenye kivinjari, na saa yake ni saa ya kweli. Ndege ya dakika 55 itakuwa angani dakika 55, utake usitake. Unapanga ratiba ya wiki nzima kwa kila ndege, na abiria huchagua kati yako na washindani kwa kulinganisha bei, muda na ubora wa huduma. Ndio wenye kina kuliko yote, na ndio unaochosha watu mapema kuliko yote.

Airline Manager ni wa simu. Una hali mbili, ile rahisi na ile ya uhalisia. Kwenye ya uhalisia urefu wa barabara ya kurukia unahesabiwa, kwa hiyo kuna ndege zitakataa kabisa viwanja vidogo. Kwenye rahisi hilo halikusumbui.

Airline Club nao ni wa kivinjari, ni wa bure, na wiki nzima ya mchezo hupita haraka, hivyo unaona matokeo ya uamuzi wako siku hiyo hiyo.

Ushauri wangu: ukiwa na simu tu, Airline Manager, hali rahisi, mpaka uzoee. Ukiwa na kompyuta na subira, anza na Airline Club ili uelewe biashara, ndipo uhamie AirlineSim. Kuanza moja kwa moja na AirlineSim kunawezekana, lakini wengi huacha kabla ndege ya kwanza haijarudi.

Nahitaji kompyuta yenye nguvu? Na bando je?

Kompyuta yoyote inayofungua barua pepe inatosha, hata ya saiba. Hii ni michezo ya majedwali na ramani, si ya picha zinazokimbia, kwa hiyo bando haliliwi sana. Na stima ikipotea hupotezi kitu: kila kitu kiko kwenye seva, ndege zako zinaendelea bila wewe.

Nitalazimika kulipa pesa za kweli?

AirlineSim hutoza baada ya muda wa majaribio. Airline Manager ni bure kuingia, lakini watakuuzia pointi za kuharakisha mambo. Usinunue mwanzoni. Mtu asiyejua kupanga ruti akiongezewa pesa atafilisika akiwa na ndege nyingi zaidi, hiyo tu ndiyo tofauti. Na kama simu ni ya mzazi na imeunganishwa na malipo, mwambie kwanza kabla hujabonyeza chochote chenye bei.

Makao makuu niweke wapi, Kisumu au Nairobi?

Hapa ndipo watu hugombana, na jibu linategemea mchezo.

Nairobi, yaani uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA), ambayo kwenye michezo utaitafuta kwa herufi NBO, ina abiria wengi na ruti za kila upande. Lakini kwenye dunia ya mchezo (seva) yenye wachezaji wengi utawakuta wakubwa tayari wamekaa pale, wana ndege 80 na bei ambazo wewe huwezi kuzigusa. Saa nzuri za kuondoka zimeshachukuliwa. Utaanza kwa kuokota makombo.

Kisumu, herufi KIS, ina abiria wachache, na hilo lisikutishe. Shirika lenye ndege mbili halihitaji mamilioni ya abiria. Linahitaji ruti chache ambazo hakuna anayezipigania. Kwa mstari wa angani, Kisumu hadi Nairobi ni karibu kilomita 280, Mombasa karibu 700, Entebbe kama 255, Mwanza kama 330, Juba kama 650. Zote ndege ndogo ya pangaboi (propela) inazimudu. Barabara ya kurukia ya Kisumu ina urefu unaozidi kilomita 3, kwa hiyo siku ukitaka kuleta Boeing 737, hutahama.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni mpaka wapime kwenye ramani. Kutoka Nairobi hadi Dubai na kutoka Kisumu hadi Dubai ni karibu sawa, kilomita 3,560 na 3,590 hivi. Kwa hesabu ya mafuta, Kisumu si mbali na dunia. Kinachokosekana ni abiria, na abiria unaweza kuwakusanya kutoka Entebbe, Mwanza na Eldoret ukiwa na ratiba nzuri.

Tena Kisumu si mgeni kwa safari za mbali. Imperial Airways ilipofungua huduma ya kutoka London kuja Afrika Mashariki mwaka 1931, Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo, na ndege za majini zilitua pale ziwani. Mchezo hautakupa pointi kwa kulijua hilo, lakini ukitafuta jina la shirika, historia iko.

Kwa kifupi: kwenye dunia mpya iliyofunguliwa leo, chukua Nairobi ukimbilie saa nzuri. Kwenye dunia ya zamani, anza Kisumu.

Na Eldoret, Kakamega au Nakuru?

Eldoret ina barabara ya kurukia ndefu kuliko ya Kisumu, kilomita 3.5, na ni mahali pazuri pa mizigo. Iko juu sana, zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyepesi hufanya ndege ihitaji mwendo mrefu zaidi kabla ya kupaa. Baadhi ya michezo huhesabu jambo hilo, mingine hailijali kabisa.

Kakamega ni ya ndege ndogo kama Cessna Caravan. Usiweke makao hapo isipokuwa unacheza kwa kujifurahisha.

Nakuru kwenye ramani utaiona kama kiwanja cha Lanet. Kutoka pale hadi JKIA ni kama kilomita 140 tu angani, na michezo mingi hupunguza abiria kwenye safari fupi kiasi hicho kwa sababu watu watapanda gari. Ninyi watu wa Nakuru mtaudhika, lakini mchezo umesoma hali vizuri.

Ndege ya kwanza iwe ipi?

ATR 72. Ningeweza kuishia hapo.

Sababu zake ni hizi. Hubeba abiria 70 hivi, husafiri kama kilomita 510 kwa saa, hula mafuta kidogo, hutua kwenye barabara fupi, na kwenye michezo mingi hupatikana kwa kukodi bila kusubiri. Kama mtaji ni mdogo zaidi, ATR 42 yenye viti 48 hivi ni dada yake mdogo.

Dash 8-400 ina kasi zaidi, karibu kilomita 660 kwa saa, na watu huipenda kwa hilo. Lakini fanya hesabu. Kwenye kilomita 280 za Nairobi, kasi hiyo inakuokolea dakika saba hivi angani. Dakika saba hazitoshi kuongeza mzunguko mwingine kwa siku, na mafuta ya ziada umeshayalipa. Kwenye ruti ya Mombasa tofauti inafika dakika 19 hivi kila upande, na hapo ndipo Dash inaanza kujitetea.

Jeti kama Embraer 190 au 737 kwenye ruti ya Nairobi ni kujitesa. Haijamaliza kupanda, inaanza kushuka. Hata kwenye maisha ya kweli, Jambojet, shirika la bei nafuu la hapa Kenya, ilianza mwaka 2014 ikiwa na Boeing 737-300 na baadaye ikahamia Dash 8-400. Wenye pesa zao wameshafanya hesabu hiyo, wewe iazime tu.

Ninunue au nikodi?

Kodi. Ndege ya kununua hufunga mtaji wako wote mahali pamoja, na mwezi wa kwanza ndio mwezi utakaobadilisha mawazo mara nyingi kuliko wakati wowote. Ya kukodi, ruti ikigoma, unairudisha, unapoteza amana, unaendelea. Kwenye Airline Manager utaratibu ni wa kununua, basi nunua ndogo.

Angalia umri pia. Ndege kuukuu hukodishwa kwa bei ya chini lakini hula mafuta na matengenezo, na kwenye AirlineSim abiria wanaiona hali yake wanapochagua.

Ndege zangu zinajaa lakini pesa zinapungua. Mchezo umeharibika?

Haujaharibika. Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, kwa hiyo tulikalie.

Chukua ATR moja yenye viti 70, Kisumu–Nairobi. Tarakimu hizi ni za mfano tu, kila mchezo una zake. Kukodi ndege ni dola 5,500 kwa siku. Ofisi na wafanyakazi wa ardhini 3,000. Hizo 8,500 utazilipa hata ndege isipoondoka. Kisha kila safari ya upande mmoja inagharimu 1,450 kwa mafuta, marubani, ada za kutua na matengenezo.

Mchezaji wa kwanza anaweka safari ya asubuhi, ya mchana na ya jioni, kwenda na kurudi. Hizo ni safari sita. Ili ajaze viti, anauza tiketi kwa dola 40, na kweli vinajaa vyote. Anakusanya 70 mara 6 mara 40, yaani 16,800. Gharama zake ni 8,700 za safari na zile 8,500 za siku, jumla 17,200. Amejaza kila kiti na amepata hasara ya 400.

Mchezaji wa pili ana ndege ile ile. Anaiendesha mizunguko mitano, safari kumi, kwa tiketi ya dola 60. Viti vinajaa kwa asilimia 70 tu, abiria 49. Anakusanya 29,400. Gharama ni 14,500 na 8,500, jumla 23,000. Faida 6,400 kwa siku, na viti 21 vitupu kila safari.

Sasa mpe yule wa kwanza bei ya 60 na ujazo wa asilimia 70, lakini mwache na mizunguko yake mitatu. Atakusanya 17,640 na kubaki na 440. Bei nzuri imemtoa kwenye hasara. Kilichomnyima faida ni ndege kulala uwanjani.

Mtu yeyote wa matatu pale Kondele angekueleza hili bila kalamu: gari halilipi deni likiwa steji, hata kama kila likiondoka limejaa, na mwenye gari huuliza umepiga trip ngapi kabla ya kuuliza umebeba wangapi. Kwenye ndege ni vilevile, ila deni ni la dola.

Kwa hiyo ukiona hasara, usikimbilie kushusha bei. Fungua ratiba kwanza, uhesabu ndege iko angani saa ngapi kwa siku. Ikiwa ni chini ya saa nane kwa ndege ya pangaboi, tatizo umeshalipata.

Ratiba yenyewe naipangaje?

Hii hapa siku ya ATR moja, kwa mchezo wenye ratiba ya saa kama AirlineSim. Safari ni dakika 55, kugeuza ndege uwanjani (kushusha abiria na kupakia wengine) ni dakika 30.

Inaondoka Kisumu 06:00, inafika Nairobi 06:55. Inaondoka 07:25, inarudi Kisumu 08:20. Inaondoka tena 08:50, kisha 11:40, kisha 14:30, kisha 17:20. Ya mwisho inarudi Kisumu 19:40, na ndege inalala nyumbani ikifanyiwa matengenezo. Mizunguko mitano, saa tisa na ushei angani.

Safari ya 06:00 ndiyo ya pesa. Huyo ni mtu mwenye mkutano Nairobi asubuhi, au mwenye ndege ya kuunganisha kwenda mbali, na hatabishana sana na bei. Ya 17:20 kutoka Kisumu, ikirudi 18:45 kutoka Nairobi, inamrudisha huyo huyo nyumbani. Ya 11:40 ndiyo dhaifu, iuze rahisi.

Mambo mawili huwaumiza wageni. La kwanza ni saa za dunia. Kenya iko mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, kwa saa tatu. Ukiandika 06:00 kwenye kisanduku kinachosoma UTC, ndege yako itaondoka Kisumu saa tatu asubuhi badala ya saa kumi na mbili, na yule wa mkutano ameshaondoka na mshindani. Angalia pembeni ya kisanduku kimeandikwa nini kabla ya kuhifadhi.

La pili ni kubana sana. Ratiba ya juu haina nafasi ya kupumua: safari ya kwanza ikichelewa dakika 20, zote tisa zinazofuata zinachelewa. Ukiona ucheleweshaji unarudiarudia, ongeza dakika tano kwa kila kugeuza. Ndege itarudi saa nne na dakika zake badala ya kabla ya saa mbili usiku? Hapana, itasogea dakika 45 tu mwisho wa siku. Hiyo ni bei ndogo kwa utulivu.

Kwenye Airline Manager huna ratiba ya namna hii. Ndege ikitua inakungoja uibonyeze iondoke tena, kwa hiyo ratiba ni wewe na simu yako.

Tiketi niweke bei gani?

Anza na bei ambayo mchezo wenyewe unapendekeza, acha siku chache zipite, kisha sogeza kidogo kidogo, asilimia tatu au tano. Viti vikijaa zaidi ya asilimia 90 kila siku, unauza rahisi mno. Vikishuka chini ya 60 na ratiba iko sawa, teremsha.

Usibadilishe bei na ratiba siku moja. Hutajua kilichofanya kazi ni kipi.

Niweke daraja la biashara?

Kwenye safari ya dakika 55, viti vichache au hakuna. Kwenye Airline Manager kiti cha biashara hula nafasi ya viti viwili vya kawaida, na cha daraja la kwanza vitatu, kwa hiyo kabla hujaking'oa cha kawaida hakikisha mahitaji ya ruti yanaonyesha kuna watu wa kukilipia.

Chakula, soda na sare za wahudumu zina maana?

Zina maana kwenye safari ndefu. Kisumu–Nairobi, maji na njugu vinatosha. Weka pesa hizo kwenye mishahara: kwenye AirlineSim wafanyakazi wanaolipwa chini ya soko hununa, na kununa kwao huonekana kwenye huduma.

Mafuta ninunue lini?

Kwenye Airline Manager bei ya mafuta hubadilika kila nusu saa, na ya vibali vya hewa chafu pia. Ukikuta imeshuka, jaza tangi lote hata kama unabaki na pesa kidogo. Kununua kidogo kidogo kila unapoishiwa ni kuchagua bei mbaya kwa makusudi. Wachezaji wazuri wa huko hutumia muda mwingi kuvizia mafuta kuliko kuvizia ndege, na mimi huona hiyo ndiyo sehemu isiyopendeza ya mchezo, lakini ndiyo inayolipa.

Kwenye AirlineSim na Airline Club gharama hukatwa yenyewe.

Matengenezo?

Usiyaruke.

Mshindani ameingia kwenye ruti yangu na bei ya chini. Nimfuate?

Kwanza mtazame ni nani. Mchezo wowote wenye wachezaji wengi una watu wa aina mbili. Kuna mgeni kama wewe aliyebandika bei bila hesabu. Huyo mwache, atakauka mwenyewe. Na kuna mkubwa mwenye ndege 80 anayekusafisha ili achukue uwanja. Huyo hutamshinda kwa bei. Msumbue kwa saa: kama anaondoka 07:00, wewe ondoka 06:15. Ongeza safari badala ya kupunguza bei, kwa sababu abiria wa kazi hupenda shirika ambalo akikosa ndege moja kuna nyingine baada ya muda mfupi.

Ikishindikana, peleka ndege Mwanza au Juba. Ndege ina mabawa, haikuoa Nairobi.

Zungumza naye pia. Wachezaji wengi hukubali kuunganisha abiria: wewe unamletea watu wa Kisumu na Entebbe, yeye anawapeleka Dubai na London. Mkubwa anayekuhitaji hana sababu ya kukufukuza.

Lini niende Dubai au London?

Baadaye kuliko unavyotamani. Kanuni ninayoipenda: ruti zako za karibu ziweze kulipa hasara ya ruti ndefu kwa miezi mitatu ya mchezo, kwa sababu itakuwa na hasara.

Dubai inawezekana kwa 737-800 au A320, hata ukitokea Kisumu. London ni kama kilomita 6,800 kutoka Nairobi, hapo kwa kawaida utahitaji ndege ya mwili mpana kama 787, na ndege ya namna hiyo ikikosa abiria inakula faida ya ATR kadhaa. Haya si ya mchezoni tu. Mwaka 2016 Kenya Airways ilikuwa imewakodishia mashirika mengine ndege zake za 777-300ER na baadhi ya 787, kwa sababu zilikuwa kubwa kuliko kazi iliyokuwapo. Ilipofungua New York tarehe 28 Oktoba 2018, safari ya karibu saa 15, ilitumia 787 na kuunganisha abiria kutoka nchi jirani.

Hilo la kuunganisha ndilo la kuiga. Safari ndefu haijazwi na mji mmoja. Panga ndege za Entebbe, Mwanza na Eldoret zitue saa moja au moja na nusu kabla ya ile kubwa kuondoka. Zikitua baada yake, umejenga shirika mbili zisizojuana.

Mizigo ina pesa?

Ipo, lakini si mwanzoni. Ndege ya abiria hubeba mizigo tumboni bila wewe kufanya mengi. Washa chaguo hilo upokee. Ndege ya mizigo pekee inahitaji mzigo wa pande zote mbili. Maua ya Naivasha hujaza ndege kwenda Ulaya, na mchezo mara nyingi hukuonyesha Nairobi ina mzigo mwingi. Kisumu ingekuwa na minofu ya mbuta, ila michezo mingi haijui samaki, inajua tani tu.

Nina shule, au kazi. Siwezi kukaa kwenye simu siku nzima.

AirlineSim inakufaa basi: ukishapanga ratiba ya wiki, unaweza kuingia mara moja kwa siku. Airline Manager inahitaji kubonyezwa, lakini kuna njia. Mchana ukiwa karibu na simu, tumia ruti fupi. Usiku, kabla hujalala, ziweke ndege kwenye ruti ndefu zaidi zinazoweza, ili ziwe angani mpaka asubuhi. Dhibiti arifa pia. Mwalimu hatajali kwamba ndege yako imetua Juba.

Nimefilisika. Naanza upya au naomba mkopo?

Kama ndege zako zina ratiba iliyojaa na bado hasara ni ndogo, mkopo unaweza kukuvusha. Kama ndege zinalala uwanjani, mkopo ni kuongeza kamba. Rudisha ndege zote ila moja, iendeshe mizunguko mitano, uone. Ikishindikana funga akaunti na uanze upya. Hakuna aibu, na mara ya pili utajua kisanduku cha UTC kiko wapi.

Jina na herufi za shirika vina masharti?

Jina liwe lako. KQ ni ya Kenya Airways, na michezo mingi haipendi utumie jina au nembo ya shirika la kweli. Epuka pia jina la mji mmoja kama unapanga kukua; shirika linaloitwa kwa jina la Usoma, mtaa wa uwanja wa ndege wa Kisumu, litawapa kazi ya ziada wanaolitafuta kutoka Kigali. Rangi ya ndege chagua unavyotaka, haiuzi tiketi.